Fungamano na Ujirani: Mhadhara juu ya Namna Vitu Vinavyoshikamana



Juu ya meza hii nimeweka vitu vitano ambavyo hapana hata mmoja wenu asiyevijua: mtungi wa udongo wenye maji, bonge la chumvi ya mawe, chupa ya mafuta ya nazi, kipande cha waya wa shaba, na kalamu ya risasi. Sikuvileta kwa uzuri wake, wala kwa kuwa ni adimu, bali kwa sababu kila kimoja kinashikamana kwa namna yake, na mtu atakayezijua namna hizo na kuzipambanua atakuwa ameshika ufunguo wa sehemu kubwa ya ilimu ya kemia.

Nitaanza na swali ambalo nimewauliza wanafunzi kwa miaka mingi. Maji yakichemka sufuriani, yale mapovu makubwa yapandayo kutoka chini yana nini ndani yake? Baadhi yao hujibu kwamba mna hewa. Wengine, waliokwisha kusoma kwamba molekuli ya maji ni atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni, hunyosha mkono kwa furaha wakasema kwamba mna haidrojeni na oksijeni, kwa kuwa joto limeyavunja maji. Jibu hili la pili ndilo lililonisikitisha siku zote, kwa maana aliyelitoa si mvivu; amesoma, amehifadhi, ametumia akili yake, na pamoja na hayo yote amepotea, kwa sababu hapana aliyempambanulia mambo mawili ambayo vitabu vyetu huyaweka katika sura moja na mara nyingine katika ukurasa mmoja: kile kinachozishika atomu ndani ya molekuli, na kile kinachoishika molekuli moja na jirani yake.

Hilo la kwanza leo nitaliita fungamano, na la pili nitaliita mvutano. Mfano wake ni nyumba na mtaa. Watu wa nyumba moja wamefungwa kwa nikahi na kwa damu. Majirani wamefungwa kwa salamu, kwa kuombana moto na chumvi, na kwa kuzikana. Ikitokea mtaa ukatawanyika, kila aila huhama na watu wake wote, wala hapana ndoa iliyovunjika kwa sababu ya kuhama huko. Maji yachemkayo ni mtaa unaotawanyika: molekuli zinaachana, lakini kila moja yaondoka na oksijeni yake na haidrojeni zake mbili, kamili kama ilivyokuwa. Ndani ya mapovu yale mna maji, hali ya kuwa mvuke.

Na tofauti ya nguvu baina ya mambo haya mawili si ndogo. Kuigeuza kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 hata iwe mvuke yote kwahitaji takriban kilojuli 2,260 za joto, kazi ambayo jiko la mkaa huitimiza bila ya taabu. Lakini kuzivunja molekuli zote za kilo hiyo hiyo, hata kila atomu isimame peke yake, kwahitaji zaidi ya kilojuli 51,000, yaani zaidi ya mara 20. Mpishi anaweza kukesha akichochea makaa chini ya sufuria yake, naye hatapata haidrojeni.

Pamoja na hayo, asili ya fungamano na ya mvutano ni moja, nayo ni umeme. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kiini hicho mna elektroni zenye chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, chanya na chanya husukumana, hasi na hasi kadhalika. Kila nitakalolisema jioni hii limetokana na kanuni hiyo, illa mahali pamoja ambapo kanuni hiyo peke yake haikutosha, nami nitapataja tutakapopafikia.

Mtu wa kwanza anayestahili kutajwa ni Gilbert Newton Lewis, Mmarekani, ambaye tangu mwaka 1902, alipokuwa akitafuta njia ya kuwafahamisha wanafunzi wake, aliichora atomu kama mchemraba, na elektroni za nje akaziweka pembeni, moja kila pembe, hata zikatimia 8. Michoro ile aliiweka miaka kumi na minne asiichapishe. Mwaka 1916, akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliandika makala ambayo ndani yake alisema jambo ambalo leo kila mtoto wa sekondari hulichora: kwamba atomu mbili hufungamana kwa kushirikiana jozi ya elektroni. Mwaka huo huo, huko Ujerumani, Walther Kossel alieleza kwa njia yake namna atomu moja inavyotoa elektroni na nyingine ikazipokea. Vita Kuu ilikuwa ikiendelea Ulaya, na watu hawa wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, walifungua mlango mmoja.

Sasa tazameni bonge hili la chumvi. Maji ya bahari yalifungiwa katika vidimbwi visivyo na kina, jua na upepo vikayachukua maji, hii ikabaki. Sodiamu iliyo ndani yake, ikiwa peke yake, ni metali laini inayokatika kwa kisu, na ikitupwa majini hulipuka. Klorini ikiwa peke yake ni gesi ya sumu, ndiyo iliyofunguliwa juu ya majeshi karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji mwezi wa Aprili 1915. Sodiamu ina elektroni moja ya nje isiyoshikwa sana. Klorini ina 7 na imepungukiwa na moja. Ya kwanza hutoa, ya pili hupokea. Aliyetoa hubaki na chaji chanya, aliyepokea hupata chaji hasi, na kila mmoja wao huitwa ioni. Hilo ndilo fungamano la ioni.

Wengi hudhani kwamba sodiamu iliyotoa hubaki na klorini iliyopokea kutoka kwake, wakawa wawili wawili hata mwisho. Sivyo. Mwaka 1913 kijana aitwaye William Lawrence Bragg aliyachunguza mapito ya miali ya eksirei ndani ya fuwele za chumvi, akaonyesha kwamba kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za klorini, na kila ioni ya klorini imezungukwa na 6 za sodiamu, juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma, mpaka ukingo wa fuwele. Hamna mle molekuli ya chumvi. Bonge zima ni jamaa moja. Miaka miwili baadaye Bragg na baba yake walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya fuwele, naye alikuwa na umri wa miaka 25. Hata hivyo wako wakemia wakubwa waliolikataa jambo hili: Henry Armstrong, mzee mwenye heshima nyingi huko Uingereza, hata mwaka 1927 aliandika katika jarida la Nature akiisikitikia chumvi kwa yale ambayo wanafizikia walikuwa wameitenda. Simlaumu. Ni vigumu mtu aliyeishi na molekuli umri wake wote kuambiwa kwamba kitu anachokila kila siku hakina.

Nikilitia bonge hili kinuni na kulipiga mchi mmoja, halibonyei. Hupasuka, na vipande vyake huwa na nyuso zilizonyooka. Sababu yake ni mpangilio ule ule aliouona Bragg. Pigo husukuma tabaka moja hatua moja ndogo juu ya jingine, na hatua hiyo hiyo huileta chanya juu ya chanya na hasi juu ya hasi. Waliokuwa wakivutana wanasukumana papo hapo. Lakini pasipo pigo wao ni imara mno, hata chumvi haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 801. Maji nayo huishinda kwa njia nyingine: molekuli zake huizunguka kila ioni na kuitoa katika safu, moja baada ya moja, na ndiyo maana chumvi inayohimili moto hailihimili bakuli la mchuzi.

Shaba ipigwe kwa mchi ule ule, nayo haitapasuka, itabonyea. Sonara amelijua hili kabla ya kuwako kwa neno elektroni: dhahabu hupigwa, hunyoshwa, huvutwa ikawa uzi, na gramu moja yake yaweza kupanuliwa ikawa karatasi ya takriban mita moja ya mraba. Katika metali kila atomu huziachilia elektroni zake za nje ziwe mali ya wote, mfano wa kisima cha mtaa, zikatembea baina ya viini bila ya kumilikiwa na kimoja. Basi tabaka likiteleza juu ya tabaka, elektroni zile ziko bado katikati na hushika kama zilivyokuwa zikishika. Na kwa kuwa hutembea, huchukua umeme. Shaba ya Katanga iliyomiminwa katika kalibu za misalaba ilikuwa mali ya biashara katika Afrika ya Kati karne nyingi kabla ya kuwako waya wa umeme, na kilichoifanya ikubali kalibu na nyundo ndicho kinachoifanya leo iwashe taa hizi.

Nimeahidi kupataja mahali ambapo kanuni ya kuvutana na kusukumana haikutosha, napo ni katika jozi ya Lewis. Elektroni mbili zote zina chaji hasi. Kwa nini basi zikubali kukaa pamoja baina ya viini viwili, na kukaa huko kuwe ndiko kunakovishika? Lewis aliona kwamba ndivyo ilivyo, lakini hakuwa na njia ya kueleza kwa nini. Jawabu lilipatikana mwaka 1927 mjini Zürich, Walter Heitler na Fritz London walipoichukua hesabu mpya ya kwanta wakaiendesha juu ya molekuli iliyo nyepesi kuliko zote, yaani ile ya haidrojeni, wakaonyesha kwamba elektroni mbili zikishirikiana nafasi ile, kila moja ikiwa haimilikiwi tena na kiini chake cha asili, jumla ya nishati hupungua, na palipopungua nishati ndipo vitu vikaapo. Likumbukeni jina la Fritz London, kwa maana tutakutana naye tena.

Fungamano hili la shirika si la haki sawa siku zote. Linus Pauling, Mmarekani, mwaka 1932 alitunga kipimo cha namna kila elementi inavyozivuta elektroni za shirika upande wake, na katika kipimo hicho fluorini ina 4.0, oksijeni 3.5, kaboni 2.5, haidrojeni 2.1, na sodiamu 0.9. Tofauti ikiwa ndogo, kama baina ya kaboni na haidrojeni, shirika huwa karibu na usawa. Ikiwa kubwa, kama baina ya oksijeni na haidrojeni, mali huegemea upande mmoja, hata upande wa oksijeni ukawa na dalili ya hasi na upande wa haidrojeni dalili ya chanya. Na ikizidi mno, shirika hugeuka kuwa kutoa na kupokea, nasi tumerudi katika chumvi. Kwa hiyo majina haya ya mafungamano msiyafanye kuwa vyumba vyenye kuta. Ni pwani moja ndefu, na mipaka tumeiweka sisi.

Na sasa kalamu ya risasi. Wazee walioipa jina walidhani, kama walivyodhani watu wa Ulaya, kwamba weusi wake ni aina ya risasi. Kumbe haina risasi hata chembe. Ni grafiti, kaboni tupu, kama ile iliyoko katika milima ya Mahenge nchini Tanzania. Na kaboni tupu ndiyo almasi ya Mwadui, mkoani Shinyanga, ambako mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5 ambalo mwenye mgodi, John Williamson, alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Elementi ni moja, atomu ni zile zile. Katika almasi kila atomu ya kaboni imefungamana na wenzake wanne, pande zote, kwa fungamano la shirika, na hapana upande ulio dhaifu. Katika grafiti kila atomu imefungamana na watatu tu, wote katika tabaka moja, na umbali baina yao ni 0.142 ya nanomita. Lakini kutoka tabaka hadi tabaka umbali ni 0.335, zaidi ya mara mbili, na hapo katikati hamna fungamano lolote la shirika. Mna mvutano hafifu tu. Nikiandika hapa karatasini neno moja, tazameni, matabaka yameteleza yakabaki katika karatasi, wala hakuna tabaka lililochanika kwa nguvu ya mkono wangu. Ndani ya kijiti hiki cha mtoto wa shule mna mambo yote mawili ninayoyahutubia, fungamano na mvutano, yamelala moja juu ya jingine.

Mvutano huo una mwenyewe, na habari zake zanipendeza kuliko za wengine wote. Johannes Diderik van der Waals alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1837, mtoto wa seremala, mkubwa katika watoto kumi. Hakupelekwa katika shule zilizofundisha Kilatini na Kiyunani, na bila ya lugha hizo mtu hakuruhusiwa kufanya mitihani ya chuo kikuu. Basi akawa mwalimu wa shule, akasoma kwa nafasi aliyoipata, mpaka sharti lile lilipolegezwa. Mwaka 1873, akiwa amekwisha kupita miaka 35, alitoa tasnifu yake ambayo ndani yake alisema kwamba molekuli za gesi zina ukubwa wake, na kwamba huvutana, nazo hizo ndizo sababu gesi ikibanwa na kupozwa hugeuka kuwa maji, yaani kiowevu. Wako wanasayansi waliokuwa hawajakubali siku zile kwamba molekuli zipo. Mwaka 1908, katika mji ule ule wa Leiden, Heike Kamerlingh Onnes, akiongozwa na hesabu za van der Waals, aliigeuza heli kuwa maji katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Na mwaka 1910 yule mwalimu wa shule alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini atomu za heli hazina upande wa chanya wala wa hasi. Ni mviringo mtupu. Zinavutana kwa nini? Hapa ndipo anaporudi Fritz London. Mwaka 1930 alionyesha kwamba elektroni hazitulii. Katika kila nukta ya wakati huwa zimeegemea upande fulani zaidi, na kuegemea huko, kudumuko muda usiopimika kwa saa yoyote ya ukutani, humfanya jirani naye aegemee, na maegemeo mawili hayo yakavutana kabla hayajageuka. Molekuli kadiri zilivyo kubwa na zenye elektroni nyingi, ndivyo mvutano huo unavyozidi: klorini ni gesi, bromini ni maji, aidini ni yabisi, na zote tatu ni za ukoo mmoja. Mtu yule yule aliyeeleza fungamano la shirika ndiye aliyeeleza mvutano hafifu kuliko yote. Alikuwa Myahudi, mwaka 1933 ilimlazimu kuiacha Ujerumani, akaenda Uingereza, kisha Ufaransa, kisha Marekani, ambako alifariki mwaka 1954.

Chupa hii ya mafuta ya nazi ni kazi ya London machoni penu. Hapa pwani ni maji muda mwingi wa mwaka. Ipelekeni Lushoto au Nairobi katika baridi ya Julai, mtaikuta imeganda nyeupe, kwa kuwa huyeyuka katika nyuzi 24 hivi. Karibu nusu ya asidi zilizomo ni asidi ya lauri, mnyororo wa kaboni 12 ulionyooka, na minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu kama makuti yaliyopangwa, ikagusana mahali pengi, na kila mahali palipoguswa pakaongeza mvutano kidogo. Mafuta ya ufuta hayagandi katika baridi ile, ijapokuwa minyororo yake ni mirefu zaidi, kwa sababu mingi imepinda katikati, penye fungamano la jozi mbili, na vilivyopinda havipangiki. Mabibi mliotia mafuta ya nazi juani asubuhi ya baridi ili yalainike, hamkuvunja fungamano hata moja.

Na inueni macho mtazame pale juu ya taa. Mjusi kafiri yule anatembea darini, miguu juu na mgongo chini, wala hana gundi, wala hafyonzi hewa. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana juu ya jambo hili, mpaka kundi la Kellar Autumn huko Marekani lilipompima jamaa yake mkubwa wa Asia, na mwaka 2002 likaonyesha kwamba unyayo wake hushika sawasawa juu ya uso unaopenda maji na juu ya uso unaoyakataa, jambo ambalo lisingewezekana kama kinachoshika ni utando wa maji. Kinachoshika hasa ni mvutano wa van der Waals. Unyayo mmoja wa jamaa yule wa Asia una vinyweleo takriban nusu milioni, na kila kinyweleo kimegawanyika katika ncha mamia, ambazo upana wa kila moja ni yapata sehemu 200 za milioni ya milimita. Hukaribia ukuta kwa ukaribu ambao kidole cha mwanadamu hakiwezi, na kila ncha ikavuta kidogo. Akitaka kwenda, hukunja vidole vyake kuanzia ncha, pembe ikabadilika, vikaachia. Angekuwa ameshikwa na fungamano la shirika, asingetoka pale alipo mpaka dari ibomoke.

Nimeuacha mtungi mwisho kwa makusudi. Mwaka 1920, katika maabara ya Lewis kule Berkeley, Wendell Latimer na Worth Rodebush walieleza kwamba haidrojeni iliyofungamana na oksijeni, ikiwa elektroni za shirika zimevutwa zaidi upande wa pili, hubaki mfano wa kiini kilichovuliwa nguo, na hujielekeza kwa oksijeni ya molekuli ya jirani. Vitabu huuita uhusiano huo fungamano la haidrojeni. Nalikubali jina hilo kwa kuwa limekwisha kuenea, lakini nawaonya kwamba limechangia sana kosa la wale wanafunzi wangu, maana katika maji ni jambo la ujirani, si la nyumba. Nguvu yake ni karibu sehemu moja ya ishirini ya fungamano la oksijeni na haidrojeni lililo ndani ya molekuli, na kila moja hudumu takriban sehemu moja ya milioni ya milioni ya sekunde kabla ya kukatika na kufungwa tena na jirani mwingine.

Pimeni kazi yake kwa ndugu za maji. Haidrojeni ikiungana na salfa, ndiyo gesi yenye harufu ya yai viza, huchemka katika nyuzi 60 chini ya sifuri. Na seleni, 41 chini ya sifuri. Na teluri, 2 chini ya sifuri. Kadiri molekuli inavyopungua uzito, ndivyo inavyochemka kwa baridi zaidi. Na maji, yaliyo mepesi kuliko ndugu zake wote, kama yangefuata safu yangechemka karibu na nyuzi 80 chini ya sifuri. Yanachemka katika 100. Tofauti hiyo yote ni ya mafungamano haya hafifu, na pasipo hayo isingekuwako duniani bahari, wala kisima, wala damu.

Sasa mtungi wenyewe. Nimeupapasa kabla ya kuanza. Ubavu wake ni mbichi, kwa kuwa udongo una vitundu na maji hupenya hata nje. Pale nje molekuli zenye kasi zaidi hukata mafungamano yao zikaruka hewani, na kila moja iondokayo huchukua joto la kukatia, nalo hulichukua kwa wale wanaobaki. Vijiko viwili vya chai vya maji, yaani gramu 10 hivi, vikiondoka namna hiyo vyatosha kuipoza lita moja kwa karibu nyuzi 6, iwapo joto la nje halikuingia. Siku hewa ilipojaa unyevu mtungi haupoozi vyema, kwa kuwa zinazorudi kutoka hewani ni karibu sawa na zinazoondoka. Mfinyanzi hakuhitaji kuambiwa haya. Yeye aliacha kuutia mtungi wa maji rangi ya kuuziba, na hiyo ndiyo ilimu yake.

Mafungamano haya yana mpango wake. Katika barafu kila molekuli ya maji hushikana na nne, na mpango huo huacha nafasi tupu katikati, hata lita moja ya barafu ikawa na gramu 917 tu, na ikaelea. Na katika miili yetu, nyuzi mbili za DNA zimeshikana kwa njia hii: adenini na thaimini kwa mafungamano mawili ya haidrojeni, guanini na saitosini kwa matatu, ilhali kila uzi kwa nafsi yake umefungwa kwa mafungamano ya shirika. Seli inapotaka kuusoma urithi wake huzitenganisha nyuzi, ikasoma, zikarudiana, na hapana herufi iliyopotea. Kipimo cha PCR, ambacho kila mmoja wetu alilisikia jina lake wakati wa janga la korona, kimejengwa juu ya jambo hili hili: sampuli hupashwa moto hadi karibu nyuzi 95, nyuzi mbili zikaachana, na kila uzi ukabaki mzima. Kama nyuzi zile zingeshikana kwa fungamano la shirika, kitabu kingefungwa kisifunguke. Na kama kila uzi ungeshikwa kwa mvutano tu, kingechanika kila kilipofunguliwa.

Nina ombi moja kwa walimu waliohudhuria na kwa wale watakaousoma mhadhara huu ukichapwa. Mkifika katika somo hili, kabla hamjaandika ubaoni hata alama moja ya elektroni, wapelekeni watoto jikoni. Waiinjike sufuria ya maji, yachemke, kisha wainue mfuniko na kuugeuza. Wayaonje matone yaliyo chini yake. Ni maji.